Kibaraza Kilifunguliwa Mara Mbili

Niliambiwa nikiamka nitauona uso wa binti mmoja mwenye miwani, na huyo binti ataniambia, "Karibu, mama." Ndivyo walivyonieleza asubuhi ile kabla ya kunilaza, na mimi ni mtu ninayeshika ninachoambiwa. Niliamka, sikuona uso. Sikuona kitu chochote.

Nikabisha hodi. Hiyo nayo ilikuwa kwenye maelezo: ukikuta giza, piga hodi, utaitikiwa. Hodi ya kwanza niliipiga kwa adabu, ya pili kwa sauti, ya tatu nikaipiga kama mtu aliyenyeshewa mlangoni kwa jirani. Hakuna aliyeitikia. Hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Nilitaka kujishika mdomo, nikakumbuka kwamba sina mdomo, wala mkono wa kuushikia. Mwili wangu ulikuwa chumba cha pili, fuvu limefunguliwa, Dokta Kisanga akiutafuta uvimbe ulioota ubongoni. Mimi nilikuwa ndani ya kompyuta, juu ya meza ya Subilaga, huyo binti wa miwani. Hapo hofu ikanishika. Niliogopa kwamba nimekufa, na kwamba kufa kwenyewe ndiko huku, kubisha mahali pasipo na mwenyeji.

Programu yenyewe wanaiita Kibaraza. Nyumba ikitengenezwa, mwenye nyumba hukaa barazani. Kichwa kikitengenezwa, mwenye kichwa hukaa kwenye dirisha moja la kompyuta mpaka mafundi wamalize. Wagonjwa wa mwanzo walihifadhiwa kwenye faili wakiwa wamelala tu, wakarudishwa hawawajui watoto wao, kwa sababu akili isiyotumika huganda. Ndiyo maana siku hizi mtu lazima awe macho, aongee na mwenzake, dirisha lake likiwa wazi mbele ya kamera. Subilaga alinieleza haya yote huku akinywa chai ya maziwa, na alipofika kwenye habari ya kufunga alikiweka kikombe chini.

"Tukimaliza nitakuaga, mama. Nitasema, naomba ruhusa. Mpaka wewe mwenyewe useme haya, programu haifungi. Zamani walikuwa wanafunga tu, watu wanaamka wanapiga mayowe."

"Na nisiposema?"

Akacheka. "Kila mtu anasema, mama. Nani anataka kubaki humu?"

Sasa nilikuwa humo, na akili yangu nilihisi ikianza kuwa nzito pembeni, kama uji uliosahauliwa sufuriani. Nikajua ndiko kuganda kwenyewe kunakokuja. Nikafanya kile ninachokijua. Nina mashine za kufumia masweta ya shule hapa Mbeya mjini, na kazi hiyo nimeifanya tangu kabla mwanangu Gwamaka hajazaliwa. Nikaanza kufuma kichwani. Nilianza na pindo la chini, nikapanda mgongo, mstari kwa mstari, nikikosea nafumua na kurudia. Lilikuwa sweta la mwanamume, kubwa, rangi ya kahawia. Nilipofika makwapani ndipo nikagundua kwamba namfumia Baba Gwamaka, mtu ambaye tulikuwa hatusemezani vizuri tangu mvua za masika zianze.

Kuna kitu alikuwa akinificha. Mwanamke wa umri wangu hangoji kuambiwa. Mume akianza kuosha vyombo bila kuombwa, kuna kitu. Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba siku nitakapokijua nitakihifadhi pamoja na vingine, maana mimi kinyongo nakitunza vizuri kuliko vyombo vya kabatini. Wifi yangu Sekela aliwahi kukata kitenge changu bila kuniuliza. Leo Gwamaka ana watoto, na maua ya kitenge kile bado naweza kukuchorea.

Nilimaliza mgongo. Nikamaliza kifua. Nilikuwa kwenye mkono wa kwanza wa sweta, nikilia bila macho ya kulilia, mwanga ulipokuja ghafla.

*

Uso ulikuwa wa Subilaga, na miwani ilikuwapo, lakini ile "Karibu, mama" sikuisikia. Alikuwa ameachama.

"Kwa nini hukuitika?" nikamuuliza. "Nimebisha mpaka nimechoka. Ndivyo mnavyokaribisha wageni?"

Alinyoosha mkono kwenye kipanya, na giza likarudi. Nikapiga kelele kwa muda. Kisha mwanga tena, na yeye pale pale, safari hii macho yamemtoka.

"Mama, jina lako nani?"

"Tusekile Mwakalinga, Mama Gwamaka. Unaniuliza kama askari, binti? Asubuhi si umenipima presha wewe mwenyewe?"

Akaketi taratibu, kama mtu anayeogopa kwamba kiti hakipo. Nyuma yake niliona taa zimezimika na mvua inapiga madirishani. Chini ya meza kitu kilikuwa kinalia pii, kinanyamaza, kinalia tena.

"Umeme umekatika, mama," akasema. "Jenereta linagoma. Tuko kwenye betri ya kompyuta."

"Si umeme unaokutoa jasho hivyo."

Alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa ikiwa chafu vile vile. Halafu akanieleza, na alinieleza vibaya, akirudi nyuma na kuanza upya, lakini mimi nimewafundisha wasichana wengi kazi na najua kusikiliza mtu aliyeharibu kitu.

Kila programu ya namna hii, alisema, ikianza huweka kufuli. Ni faili dogo tu linalosema: nimeshafunguliwa, usinifungue tena. Ikifungwa kwa utaratibu, hulitoa kufuli lake. Lakini umeme ukikatika haipati nafasi ya kulitoa, na kesho yake ukitaka kuifungua inakataa, inadhani bado iko wazi. Umeme wa huku kwetu unakatika kila wiki. Mafundi wamechoka kuhangaika na kufuli lililobaki wakati mgonjwa yuko mezani, basi wakaweka amri kwamba kila ukibofya Kibaraza, kwanza kufuli lolote lililopo lifutwe. Miaka yote hiyo ilikuwa sawa tu.

"Leo kompyuta ilikuwa nzito," Subilaga akasema. "Nilibofya, sikuona kitu. Nikabofya tena, na kufuli la kwanza likafutwa. Lilifunguka dirisha, nikakuona, nikasema karibu. Tumeongea muda wote, mama. Tumecheka. Umeniambia habari za kitenge ulichokatiwa na wifi yako."

"Mimi sijakwambia habari ya kitenge."

"Najua," akasema. "Umeme ulipokatika nikalishusha dirisha nitazame betri. Nikakuta nyuma yake kuna dirisha jingine. Saizi moja, mahali pamoja, limefunikwa kabisa. Kamera na maikrofoni hushikwa na lililo mbele tu."

Sikuelewa. Au tuseme nilielewa na nikakataa kuelewa, kama unavyokataa simu ya alfajiri.

"Nani yuko kwenye hilo la mbele?"

"Wewe, mama."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Dokta Kisanga aliingia na kofia yake ya upasuaji, barakoa imening'inia shingoni. Uvimbe ulikuwa umeshatoka, alisema, damu imetulia, msaidizi wake anasubiri na kichwa kiko tayari kupokea, mbona Kibaraza hakijafungwa. Subilaga akamwambia. Daktari alikuja akainama mbele ya kamera, akanitazama kama unavyotazama doa ukutani.

"Hii ni nakala," akasema. "Hakuna aliyeongea nayo, hakuna mtu hapa. Ifunge kwa nguvu, halafu muage mgonjwa kwa utaratibu."

"Dokta, nimemuuliza jina, amejibu."

"Hata kasuku anajibu jina."

"Dokta Kisanga," nikasema, na sauti yangu ilitoka kwenye spika ndogo, nyembamba kuliko nilivyotaka. "Asubuhi ulinishika bega ukaniambia nisiogope. Mikono yako ilikuwa baridi. Nikakuambia uje dukani nikufumie glovu."

Aliinuka haraka. Kile kilio cha betri kiliendelea, na nikaona kwamba naye ameogopa, na hilo likanitisha kuliko maneno yake.

"Betri ikiisha kabla hatujafunga, tunawapoteza wote," akamwambia Subilaga, sasa kwa upole. "Yote mawili lazima yafungwe. Kila moja likifungwa linajiandika kichwani. La mwisho linafuta la kwanza. Huwezi kuchanganya, na sheria hairuhusu kuweka akiba. Siwezi kuuacha mwili. Amua wewe." Akatoka. Daktari mzima, na kazi ile akamwachia binti.

Subilaga alisogea karibu na kamera mpaka nikaziona alama za miwani puani pake.

"Naweza kukuzima kwa nguvu, mama, bila kukuaga. Amri ninayo. Sitaki. Naomba ruhusa nikufunge kwanza."

Ningependa kusema kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Hofu ndiyo iliyojibu.

"Sikupi. Nenda ukamwombe yeye."

"Nimeshamwomba, wakati ule ulipoona giza tena."

"Amesemaje?"

"Amesema, nenda ukamwombe yeye."

Nikamchukia mwanamke yule. Sijawahi kumchukia mtu haraka hivyo, hata Sekela. Alikuwa amekaa kwenye mwanga wangu, akiitikiwa kwa jina langu, akipiga soga na binti huyu huku mimi nafuma gizani nisigande. Na sasa anataka na mwili pia. Yote hayo yalinijia mara moja, na nyuma yake likaja wazo moja baya zaidi, kwamba yeye naye, akiwa kule, hivi sasa, ananiwazia hivyo hivyo neno kwa neno.

"Ana nini yeye ambacho mimi sina?" nikauliza.

Subilaga alitazama pembeni. "Ameongea na baba. Baba Gwamaka alikuja, akaomba kukaa naye. Wakaniomba nitoke."

"Waliongea nini?"

"Sijui, mama. Niliporudi baba alikuwa analia. Yeye alikuwa ametulia tu."

Kwa hiyo alimwambia. Kile kitu, alimwambia yeye.

"Basi mfunge huyo," nikasema. "Ameshapata. Mimi sijaongea na mtu. Sijaona mtu. Nimekaa humu peke yangu kama kuku wa kusafirishwa. Mwambie hivyo. Mwambie mimi nimekataa, na nitakataa mpaka betri iishe."

"Yeye hajui kwamba ulikuwa gizani. Nilimwambia tu kuna dirisha la pili."

"Basi mwambie. Nenda."

Alitikisa kichwa kukubali. Nikauona mkono wake ukienda kwenye kipanya, nikasema, "Ngoja," lakini alikuwa ameshabofya.

*

Giza hili lilikuwa baya kuliko la kwanza. La kwanza sikujua linatoka wapi. Hili nililijua: ni mgongo wa mwanamke mwingine, na mwanamke huyo ni mimi, na anaamua. Nilijaribu kurudi kwenye mkono wa sweta nikakuta nimepoteza mstari. Nikaanza kumwomba Mungu, nikajishtukia kwamba sijui namwombea nani, maana sote wawili tungetaja jina moja.

Nilijua atakataa. Najijua. Mimi si mtu wa kumpisha mtu foleni ya maji, seuze mwili.

Uzito ule wa pembeni ulirudi. Nikasahau rangi ya sweta. Nikasahau jina la mjukuu wangu wa mwisho, nikalitafuta, nikalipata, nikalishikilia kwa nguvu zote.

Mwanga ulipokuja, Subilaga alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta.

"Ameruhusu," akasema.

Nikamwambia anieleze.

"Nilimwambia kwamba ulibisha hodi na hakuna aliyekuitikia. Akaniuliza, muda wote huo? Nikasema muda wote. Halafu akasema, mimi nimeshamwona mume wangu, nimeshaagana naye vizuri. Aliyekwisha kuaga ndiye huondoka. Huyo hata karibu hajaambiwa." Subilaga alivuta pumzi. "Akasema haya. Kibaraza kikafunga."

"Niletee niongee naye."

"Ameondoka, mama. Ameshaandikwa kichwani. Sasa wewe unaandikwa juu yake."

Niliogopa tena, namna nyingine, kama mtu anayeambiwa akalale kwenye kitanda ambacho bado kina joto la mwingine.

"Hakusema kitu kingine?"

"Alisema nikupe neno. Alisema, mwambie nimeshalimaliza lile la Baba Gwamaka, asilifumue."

Kilio cha betri kilikuwa sasa hakinyamazi. Subilaga alijifuta uso kwa kiganja, akakaa wima, akakunja mikono mezani kama alivyofundishwa.

"Karibu, mama," akasema kwanza. Kisha: "Naomba ruhusa."

"Haya," nikasema.

*

Maumivu ndiyo yaliyonipokea, na niliyafurahia. Kichwa kilikuwa kizito kwa bandeji, koo kavu, mguu mmoja umekufa ganzi. Dari lilikuwa na doa la maji. Nililitazama doa lile kwa upendo ambao sijawahi kumpa mtu.

Baba Gwamaka alikuwa kwenye kiti cha plastiki, koti la mvua bado analo. Mlangoni alisimama Subilaga. Alinitazama, akamtazama yeye, nikaelewa kwamba hajamwambia. Alikuwa ananiachia mimi.

"Mama Gwamaka," mume wangu akasema.

"Nipo."

Akaushika mkono wangu kwa mikono miwili. Ni mtu mkubwa, fundi wa kuezeka.

"Ndaga," akasema kwa Kinyakyusa chetu, asante, akarudia. "Ndaga fijo. Mimi nakujua miaka yote hii. Nilijua nikikwambia utanifukuza, hata ukiwa ndani ya kompyuta. Nikasema bora nifukuzwe kuliko ufie mezani bila kujua. Wewe ukaniambia yamekwisha. Sikutegemea."

Nilimtazama. Moyo wangu, ule niliourudishiwa, ulikuwa unakwenda mbio hadi mashine iliyo pembeni ikaanza kulalamika. Yamekwisha yapi? Ni mwanamke? Ni mtoto mahali fulani? Ni shamba la Tukuyu alilotuachia baba yangu? Swali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lilikuwa neno moja tu, na nilikuwa na haki nalo, maana mimi ndiye ninayelala kitanda kimoja na mtu huyu.

Yule mwanamke aliyajua yote na akayamaliza. Alikuwa mimi, kinyongo hiki hiki, kitenge hiki hiki. Tulitofautiana kwa saa chache tu, yeye kwenye mwanga na mimi gizani, na yeye aliweza mara mbili siku hiyo yale ambayo mimi sikuweza hata mara moja. Nilimwogopa. Niliona aibu mbele yake, na hakuna mahali nitakapomkuta nimwombe radhi.

Baba Gwamaka aliona nimenyamaza. Uso wake ukabadilika polepole, na mkono wake ukalegea juu ya wangu.

"Au umeghairi?" akauliza.

Mlangoni, Subilaga alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Sijaghairi," nikasema. Sauti ilitoka nzito, ya mtu asiyeizoea. "Nilichosema ndicho hicho. Yamekwisha, Baba Gwamaka."

Aliinamisha paji lake juu ya mkono wangu, akalia kama watu wanavyolia msibani wakishabaki wenyewe kwa wenyewe. Nilimpapasa nywele. Alikuwa na harufu ya mvua. Sikumwambia kwamba aliyemsamehe si mimi, na sijamwambia mpaka leo, na kila anapoosha vyombo naondoka jikoni nisije nikauliza.

Alipolala pale pale kitini, nilifumba macho. Kulikuwa na giza la kawaida, la kope tu. Nikabisha hodi humo ndani kwa yule mwanamke, taratibu, kwa adabu, nikasubiri. Nilisubiri zaidi kuliko nilivyosubiri kule.